Kwanini sitengenezi tena kishika cheni cha chuma

Wafanyabiashara wenzangu, leo tubishane kidogo. Ukimtengenezea mteja kifaa kwa mkono wako, anakigonga na kidole, anakipima uzito, halafu anauliza, "Kaka, hii si plastiki tu?" Wengi wetu hapo tunakimbilia chuma ili tusidharauliwe. Mimi nilikimbilia. Kilichonipata ni maziwa lita 20 kumwagika barabarani.

Nina kibanda cha baiskeli hapa Moshi. Wateja wangu wakubwa ni wauza maziwa, na wanapanda baiskeli za gia za mtumba. Nyingi zilikuja na gia tatu mbele. Swichi ya mkononi ikishakufa, mtu anabaki na ile ya kati tu. Sasa ile gia ya kati meno yake yamechongwa makusudi ili cheni iweze kuhama. Ukipita kwenye mawe cheni inacheza, inachomoka, unabaki unakanyaga hewa na dumu liko nyuma.

Viwandani wana dawa yake. SRAM walitoa mwaka 2012 gia ya mbele yenye jino nene na jembamba kwa kupokezana, inashika cheni vizuri. Lakini bei yake sio ya muuza maziwa.

Nikaona biashara. Nikachukua chuma bapa cha milimita 3, nikakunja, nikachomelea, nikafunga kwenye bomba la siti. Nikauza shilingi 5,000. Kilikuwa kigumu hasa, na mteja alikisifia. Wiki ya pili nati ikalegea kwa mtikisiko, chuma kikageuka na kuingia kati ya cheni na meno. Pedeli ikakaba pale pale akiwa anakanyaga. Alinijia na kiwiko kimechubuka, hana hasira hata kidogo, na hilo ndio liliniuma. Akasema tu, "Fundi, lita 20 kwa 1,200." Nikalipa 24,000. Yaani faida yote ya mwezi ya hivyo vishikio ikaondoka na zaidi.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: kifaa kinachokaa karibu na kitu kinachozunguka lazima kivunjike chenyewe kabla hakijamvunja mtu. Ukikifanya kisivunjike, umehamishia ajali kwa mteja.

Sasa natumia kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Plastiki yake inateleza, cheni ikigusa haikwaruzwi. Nakata vipande viwili vya urefu wa sentimita 6 hivi, kimoja ndani, kimoja nje, na kati yao kipande cha kutenganisha. Cheni ya gia saba au nane ina upana wa milimita 7 na kidogo. Mimi naacha nafasi ya milimita 11 mpaka 12. Ukibana zaidi utasikia kelele, mteja atarudi siku hiyo hiyo.

Mahali pa kukiweka ndipo mafundi wengi wanakosea. Unapokanyaga, cheni inaingia kwenye gia ya mbele kwa juu na kutokea chini. Kwahiyo kishikio kikae juu, pale inapoanza kushika meno. Kisha zungusha pedeli kwa mkono: weka gia kubwa kabisa ya nyuma uangalie upande wa ndani, halafu ndogo kabisa uangalie upande wa nje. Isiguse popote.

Shingo inayounganisha plastiki na kibano naichonga nyembamba makusudi. Kibano chenyewe nakitoa kwenye gia ya mbele iliyokufa, maana kimeshatengenezwa kwa ajili ya bomba lile, na chini yake naweka kipande cha tyubu kisiteleze. Nati ni zile zenye plastiki ndani. Hapo usibane matumizi, nati ya kawaida ndiyo iliyonilipisha.

Bei? Kibao cha 6,000 kinatoa vishikio nane, yaani 750 kimoja. Kibano cha skrepu 1,000, bolti na nati 800. Jumla 2,550. Nauza 10,000 na kufunga humo humo, na mteja anarudi baada ya wiki nikaze bure. Wapo wanaosema ni ghali kwa plastiki. Nawaonyesha ile shingo nyembamba na kuwasimulia habari ya maziwa. Wengine wanaondoka, sawa.

Jambo moja mtanilaumu nalo: kuna siku nakataa kuuza. Kabla ya yote naweka rula kwenye cheni. Ukianzia katikati ya pini moja, kwenye inchi 12 kamili lazima ukute katikati ya pini nyingine. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, cheni imechoka, namwambia anunue cheni kwanza. Ikipita kwa 1/8, na gia za nyuma zimeshaliwa, cheni mpya itaruka juu yake. Jirani yangu fundi ananicheka, anasema naacha 10,000 mezani. Kweli naiacha. Ila yule wa lita 20 bado ni mteja wangu, na wiki iliyopita alikuja na shemeji yake, baiskeli mbili.