Wakili mdogo hana tangazo, ila wateja anao

Wapambanaji wenzangu, hasa nyie wa Busunzu mnaouza maharage na asali kwa simu, acheni kuiga maduka makubwa ya Kariakoo. Igeni wakili mwenye ofisi ya chumba kimoja pale Kasulu.

Yule maadili ya kazi yake yanambana, hawezi kujitangaza kama sisi. Ofisi ya Dar ina mawakili 20, yeye yuko peke yake. Lakini mtu mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba anakwenda kwa yule anayemwambia ukweli mapema: "Mzee, anza baraza la kata. Tangu 2021 wao kazi yao ni kusuluhisha tu, wana siku 30. Ikishindikana ndo twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na gharama yangu itakuwa hii." Siku hiyo pengine hakupata hata mia. Ila mzee akirudi kijijini, jina analolitaja ni la huyo.

Sasa wewe unaandika "bei njoo inboksi", mteja akija unamjibu kesho kutwa! Duka kubwa linamudu kupoteza mteja mmoja, wewe humudu. Weka bei, weka na gharama ya kutuma mzigo kwa basi. Maharage ni ya msimu uliopita? Sema hivyo hivyo. Wawili watakukimbia, najua inauma. Na siku huna mzigo, mwelekeze mteja kwa jirani yako anayeuza.