Chuo Hakijampoza Mtu

Mhubiri mmoja ameniharibia Jumapili.

Ilikuwa ibada ya kuwapokea wanafunzi wanaorudi vyuoni, katika kanisa moja hapa Dodoma ambalo silitaji kwa sababu bado sijamaliza ahadi yangu ya ujenzi. Mstari wa mbele waliketi vijana wenye fulana za njano zilizoandikwa mgongoni. Walikuwa wametoka misheni Msumbiji, likizo ndefu. Mhubiri akawasimamisha, akawaombea makofi, kisha sauti yake ikabadilika. Akawaonya kwamba sasa wameingia eneo la hatari. Kule walikuwa kwenye moto, huku wamerudi kwenye majivu. Chuo kinapoza watu, alisema, kwa hiyo wajihadhari na mazoea ya darasani, na marafiki, na haya mambo ya mitihani, mpaka Bwana atakapowafungulia safari nyingine. Kanisa zima likaitika amina. Mama aliyeketi mbele yangu akafuta machozi. Mimi nikatoka kabla ya matangazo.

Neno hili ningekuwa nimelisikia mara moja tu ningenyamaza. Lakini nimelisikia kwenye mikesha, kwenye semina za vijana, kwenye mahafali, na halina dhehebu. Aliyebaki Dodoma likizo nzima akisomea sapu ya takwimu, huyo ni vuguvugu. Aliyevuka Ruvuma kwa wiki mbili, huyo ni wa moto. Na huyu wa moto akishapoa, lawama ni ya chuo.

Chuo hakijampoza mtu. Anayepoa wiki ya tatu ya muhula hakuwa amewaka, alikuwa likizo.

Hebu tuseme ukweli kuhusu safari hizi. Safarini hakuna anayekujua. Unaamka umeshaombewa, chai imeshachemshwa na akina mama wa kanisa lililowapokea, ratiba imebandikwa ukutani. Mtandao hakuna, kwa hiyo anayekudai hakupati. Mtihani hakuna. Unamshuhudia mtu utakayemwona mara moja tu maishani, naye anakuona mara hiyohiyo moja, umechana nywele, unatabasamu, una Biblia mkononi. Kwa wiki mbili za namna hiyo hata mimi ningekuwa mtakatifu, na waulizeni wanaoishi nami kama jambo hilo ni rahisi.

Sasa njoo Dodoma mwezi Novemba, kabla mvua haijaamua. Chumba kimoja cha kupanga huko Ng'ong'ona, mmebanana watu wanne. Mwenzako anajua kuwa zamu ya kununua gesi ilikuwa yako. Anajua sufuria la juzi ni la nani. Bumu limechelewa, naye anajua ulimkopa elfu ishirini mwezi wa sita na tangu hapo salamu zako zimekuwa fupi. Binti uliyemwahidi anajua ulichomwahidi. Kikundi cha kazi ya darasani kinajua kwamba jina lako liko ukurasa wa kwanza na hakuna hata aya moja uliyoandika. Mhadhiri ana karatasi yako na ya jirani yako, na zote mbili zimekosea neno lilelile mahali palepale. Hapo kila mtu anakujua. Ndiyo maana hapo "unapoa".

Rafiki yangu anafundisha katika chuo kimoja cha mjini hapa. Alinionyesha karatasi ya mahudhurio ya wiki ya kwanza ya masomo. Saini ya kiongozi mmoja wa misheni ilikuwemo, nzuri, yenye mkia. Siku hiyo kiongozi mwenyewe alikuwa bado yuko Masasi na timu yake, akituma picha kwenye kundi la WhatsApp. Aliyemsainia ni mwenzake, tena mwenzake wa maombi. Rafiki yangu alipomwita na kumuuliza, kijana alijibu kwa unyenyekevu kabisa kwamba alikuwa katika kazi ya Bwana. Kwa hiyo Bwana alikuwa Masasi akihubiri, na wakati huohuo yuko Dodoma anaghushi mahudhurio. Huyu ndiye tunayeambiwa chuo kitampoza.

Najua nitajibiwaje. Nilishajibiwa palepale nje ya kanisa, na mzee mmoja wa baraza aliyenishika mkono kwa huruma: lakini ndugu yangu, hata Paulo alisafiri. Alisafiri, baba. Korintho akakaa mwaka mmoja na miezi sita. Efeso akakaa miaka mitatu. Na katika miji hiyo alishona mahema ili ajilipie chakula, maana yake walikuwepo wateja waliojua kama mshono wake unavuja. Sijaona popote kwenye Matendo ya Mitume kwamba alifika Efeso Jumatatu, akapiga picha na watoto Jumatano, Ijumaa akarudi Antiokia kutoa ushuhuda na kulalamika kuwa Antiokia imepoa. Mzee akasema nina roho ya kukosoa. Hilo sikulipinga.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba uongo huu unasemwa hapa, kwenye nchi ya Wagogo, mahali ambapo misheni tumeiona kwa macho. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1876, reli haijafikiriwa, na Dodoma hii ya barabara za pete haijawa mji. George Chambers, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, alianza kazi 1927 na kuiacha 1947. Miaka 20! Ndani ya miaka 20 watu wanajua unavyokasirika, unavyowalipa vibarua, unavyomsemesha mpishi wako. Sisemi watu wale walikuwa malaika. Baadhi yao walikuwa na kiburi cha kutosha kugawia mikoa mitatu kikabaki. Lakini Wagogo walipata muda wa kukiona hicho kiburi, wakapima cha kuchukua na cha kuacha. Timu ya wiki mbili inaondoka kabla hatujamaliza hata kumkagua kiongozi wake.

Na kama mnataka mtu aliyerudi nyumbani mapema, tunaye, tena wa hapahapa. Mwaka 1938 alifika Mvumi, kilomita 40 hivi kutoka mjini, daktari kijana wa Australia aliyeitwa Paul White. Alifanya kazi katika hospitali ya misheni hadi 1941, mkewe akaugua, wakalazimika kurejea kwao. Ndiye aliyeandika ule mfululizo wa Jungle Doctor uliosomwa na watoto wa mabara mengi ambao hawangeweza kuionyesha Dodoma kwenye ramani. Miaka mitatu tu, na safari ikakatika si kwa kupenda kwake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kukaa Sydney akilia kwamba moto umebaki Afrika, ni yeye. Alifanya nini? Kuanzia 1943 hadi 1950 alikuwa katibu mkuu wa umoja wa kiinjili wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Australia. Yaani alitoka Mvumi akaenda kukaa miaka saba kwenye hayohayo majivu ambayo mhubiri wetu anataka watoto wetu wayakimbie. Alikuwa na mengi ya kusimulia, na aliyasimulia, redioni na vitabuni, lakini huku ana kazi, ana mke mgonjwa, ana wanafunzi wanaomgongea mlango. Waliomsikiliza walimjua.

Lakini siku hizi tumeacha kuwaiga hao, tunawaiga wageni wa Julai. Mnawajua. Upepo wa Dodoma ukianza kukata masikio, wanatua: vijana wa vyuo vya Kikristo vya Marekani, fulana za rangi moja, chupa za maji kubwa kuliko watoto wanaowabeba. Robert Wuthnow, mtaalamu wa sosholojia wa Princeton, alikadiria katikati ya miaka ya 2000 kwamba Wamarekani zaidi ya milioni moja na nusu huenda nje ya nchi yao kila mwaka kwa safari fupi za namna hiyo. Wengi ni watoto wazuri, wana adabu, wanakula mlenda bila kukunja uso. Sina ugomvi nao. Nina ugomvi na hadithi wanayorudi nayo, ambayo nasi tumeinunua nzima nzima: kwamba Afrika walikuwa karibu na Mungu na bwenini kwao wako mbali naye.

Kurt Ver Beek wa Calvin, chuo cha Kikristo cha kulekule Marekani, aliuliza swali ambalo huku hatuliulizi: wakisharudi, kinabadilika nini? Alizifuatilia timu zilizokwenda kujenga nyumba Honduras baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Nyumba moja iliyojengwa na timu, ukijumlisha nauli zao, ilifikia dola 30,000 hivi. Mafundi wa Honduras walijenga ya namna hiyo kwa dola 2,000. Hiyo tuiache, maana wenye pesa zao wana haki ya kuzichezea. Lililo muhimu ni kwamba waliporudi wengi walisema safari imewabadilisha, sasa wanatoa zaidi, na alipofukua kumbukumbu za michango, tofauti ilikuwa ndogo mno. Sasa na hao nao walipozwa na chuo? Chuo kinapoza hata bahasha ya sadaka?

Na tusijidanganye kwamba tunaowaendea wanafaidika sana. Najua kijiji kimoja upande wa Chamwino kinachookoka kila Agosti. Timu inafika na jenereta, spika zinawekwa chini ya mbuyu, mikono inanyooshwa, katibu anaandika mia mbili na ushee. Mwaka unaofuata inakuja timu nyingine, mikono ni ileile, mia mbili wengine. Kwa hesabu za ripoti zetu, kijiji kile kina waliookoka wengi kuliko wakazi. Katekista wa pale anawajua wote kwa majina, hata nani alinyoosha mkono kwa ajili ya wokovu na nani kwa ajili ya sukari, na nani kati ya wote hao atakayemfuata akiugua saa nane za usiku. Ana baiskeli moja isiyo na breki ya nyuma. Timu zikiondoka yeye ndiye anayebaki kuwaeleza watu kwa nini yule kaka aliyeahidi kurudi hajarudi. Huyo hajawahi kusimamishwa mbele ya kanisa la mjini akapigiwa makofi, na fulana ya njano hana.

Treni ya umeme nayo imetuongezea kazi. Tangu ilipofika Dodoma mwaka 2024, saa nne tu kutoka Dar es Salaam, imezaliwa misheni ya wikiendi: Ijumaa jioni wameshuka, Jumapili mchana wako stesheni tena, wamelia, wamekumbatiana, wamepakia mifuko ya zabibu. Tukienda hivi tutafika kwenye misheni ya kutoka dirishani.

Kama kweli mnatafuta watu wasiofikiwa na Injili, mbona wapo karibu? Wenye nyumba wa mji huu. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, kodi ilipanda na haijawahi kusikia habari za kushuka. Chumba cha mwanafunzi kisicho na dari, choo cha jumuiya, na mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi. Wengi wao ni wazee wa kanisa. Baadhi yao walikuwa wanasema amina Jumapili ile. Hao hakuna timu iliyowahi kutumwa kwao, kwa sababu ukimhubiria mwenye nyumba wako kuhusu haki atakuuliza kuhusu kodi ya mwezi uliopita. Anakujua.

Mhubiri angewaambia vijana wale jambo moja tu, warudi na kuwalipa wanaowadai, ningempigia makofi mpaka viganja viwashe. Angewaambia waandike wenyewe kazi zao za darasani. Angewaambia kwamba kukaa kwenye kimbweta saa nne za usiku ukimwelekeza takwimu mwenzako ambaye hasali, tena humpendi, bila kumdai ushuhuda wala picha, ni jambo ambalo hawakulifanya Msumbiji kwa sababu huko halikuwepo. Akachagua kuwaambia wakiogope chuo. Na kijana aliyeambiwa akiogope chuo hatakosa kisingizio: akifeli ni vita vya kiroho, akidesa ni udhaifu wa mwili, akitukana wenzake chumbani amechoka na utumishi.

Juzi walikuja nyumbani kwangu wawili, bado na fulana zao, wana kadi ya mchango wa misheni ya mwakani. Safari hii wanataka kufika Malawi. Niliwakaribisha, nikawapa chai, nikawaambia nitachangia siku watakaponionyesha mahesabu ya Msumbiji: kilichokusanywa, kilichotumika, na risiti. Wakaangaliana. Mmoja akasema mahesabu yako kwa mweka hazina, na mweka hazina yuko bize na mitihani. Tangu siku hiyo wakiniona mjini wanavuka barabara.