Mtihani Nao Upimwe
Matokeo ya KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9 nchini Kenya, hayatokani na mtihani mmoja. Asilimia 60 hutoka kwenye karatasi za Gredi ya 9, asilimia 20 kwenye KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, na asilimia 20 kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Hizo za shuleni ndizo zinazotutia wasiwasi hapa Isinya, Kajiado. Mwalimu wa Kitengela mwenye darasa lililofurika, na mwenzake wa upande wa malisho ambaye wanafunzi wake huhama na mifugo ukame ukizidi, ni vigumu watoe alama kwa kipimo kimoja.

Je, tofauti hiyo inatosha kumshusha mtoto kiwango? Ipo njia ya kujua bila kumgusa mtoto yeyote: uigaji wa kompyuta. Mtafiti hubuni wanafunzi 10,000 na kumpa kila mmoja uwezo ambao mtafiti mwenyewe anaujua. Kisha huwapitisha kwenye tathmini: mwalimu huyu aongeze alama tano, yule apunguze tano, wa tatu akose rekodi za muhula mzima. Mwishowe hulinganisha kiwango alichopewa kila mmoja na alichostahili. Kwa watahiniwa halisi hilo haliwezekani, kwa kuwa uwezo wao wa kweli hakuna auonaye.

Kompyuta ya kawaida na programu ya takwimu ya R, isiyolipiwa, zinatosha. Bila shaka makisio mabovu huzaa majibu mabovu, hivyo walimu wa mashinani washirikishwe tangu mwanzo. Tunaliomba Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) lifanye zoezi hili na kuchapisha matokeo yake kabla ya kundi lijalo la Gredi ya 9 kuingia chumba cha mtihani.