Tutegane Vitendawili Hata Kazini

Ndugu msomaji unayefanyia kazi nyumbani, hebu taja mji aliokulia yule mwenzako unayekutana naye Zoom kila asubuhi. Wengi wetu tutakwama hapo hapo. Tunajua ripoti yake huchelewa, tunajua sauti yake hukatika mvua ikinyesha, tunaijua na ile picha ndogo aliyoiweka badala ya uso wake. Basi, yameisha. Angekuwa meza ya pili ofisini, tungeshajua hadi vijiko vya sukari anavyotia kwenye chai.

UVIKO-19 iliwatoa watu wengi ofisini mwaka 2020, na wapo ambao hawakurudi tena. Leo kundi moja la kazi laweza kuwa na mhasibu Arusha, mtengeneza programu Nairobi, mfasiri Bujumbura na mtu wa mauzo Maskati, wote wakielewana kwa Kiswahili. Kazi inakwenda. Kinachopungua ni kujuana, na asiyekujua ni mwepesi wa kukufikiria vibaya. Ujumbe wa neno moja, "Nasubiri", kwa rafiki ni taarifa. Kwa usiyemjua ni matusi.

Ndiyo maana naunga mkono michezo ya wafanyakazi mtandaoni, ingawa najua inavyolalamikiwa. Mara nyingi huletwa kama ilivyo kutoka nje: maswali ya filamu za Marekani ambazo nusu ya kikao hawajaziona, kamera ziwashwe kwa lazima, watu wacheke kwa amri. Na wakati wenyewe? Ijumaa saa kumi na moja jioni, watoto wanadai chakula na bando linakata roho. Hiyo ni zamu ya ziada isiyolipwa, wala tusiipake rangi.

Wito wangu ni kwamba tucheze michezo tunayoijua sisi. Na wa kwanza uwe kitendawili, kwa sababu moja kubwa: hauhitaji kuonana. Bibi zetu walitega usiku baada ya chakula, gizani, sauti peke yake ikifanya kazi yote. Kikao cha mtandaoni chenye kamera zilizozimwa hakiko mbali na hapo.

Utaratibu tunao tayari. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitika "Tega!" Anatega. Wakishindwa, anadai mji; akipewa, anajisifu kidogo jinsi alivyopokelewa huko, kisha anatoa jibu. Mimi napendekeza kanuni moja tu ya kuongeza: aliyeshindwa asitoe mji wowote, atoe wa kwao hasa. Tuseme dada wa Nairobi ametega, "Kuku wangu katagia mibani." Kaka mmoja anajaribu nazi, anajaribu nyuki, anasalimu amri.

"Nipe mji."

"Chukua Kigoma."

"Nilipofika Kigoma nilipokelewa kwa ngoma, nikapunga upepo wa bahari..."

"Bahari gani, dada? Kwetu ni Ziwa Tanganyika! Na ukija tutakukaanga migebuka, ule hadi usahau njia ya kurudi."

Jibu ni nanasi, lakini kwa wakati huo nanasi limeshasahaulika. Kikao kizima sasa kinajua jamaa anatoka Kigoma, kinajua samaki anayemtoa udenda, na dada wa Nairobi ana la kumtania hadi mwisho wa mwezi. Hakuna aliyeombwa kusimama na kujieleza. Mtu anajieleza mwenyewe kwa kuutetea mji wake, tena kwa raha.

Wa pili ni ule tulioucheza nyuma ya daftari mwalimu akichelewa: inatajwa herufi, kila mtu anaandika jina la mtu, mji, mnyama na chakula kinachoanzia herufi hiyo. Ikitoka M, mmoja ataleta Mwanaidi, Moroni, mbega, muhogo. Mwingine atabishana nusu dakika kwamba mandazi ni maandazi. Jibu lako peke yako ni alama 10, mkigongana kila mmoja apate 5. Mchezo huu unachezeka kwa maandishi matupu kwenye kundi la WhatsApp, hivyo hata aliyebakiwa na bando la kuhesabu megabaiti, au umeme umemkatikia na simu iko asilimia tisa, bado yumo. Asiyesikia vizuri naye yumo. Kwa sababu hiyo hiyo, hata kitendawili kinachotegwa kwa sauti kiandikwe pia pembeni.

Sasa nigeukie wakuu wa vitengo, maana bila ninyi haya yataishia kwenye karatasi. Mchezo uwekwe ndani ya saa za kazi. Saa nne asubuhi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ni saa tatu Kigali na Bujumbura, na ni saa tano Maskati. Kila mtu yuko kazini, hakuna anayeibiwa jioni yake. Nusu saa inatosha. Hata Zoom isiyolipiwa, inayokata kikao cha watu wengi ikifika dakika ya 40, inaruhusu hilo. Kamera iwe hiari: mwenzako anaishi chumba kimoja na familia yake, na hajakaribisha idara nzima kuhesabu vyombo. Mwezi wa Ramadhani msiwaambie watu waonyeshane sahani zao za chakula cha mchana. Na anayesema leo hana moyo wa kucheza aachwe, asiandikwe popote.

Zawadi? Mimi singezitoa. Weka vocha mezani na hapo hapo mtu ataanza kutafuta majibu kwenye Google, na kitendawili kilichotafutwa Google kimeshakufa.

Nanyi wafanyakazi wenzangu, msingoje waraka kutoka juu. Mzee wa kundi, wewe uliyekula chumvi nyingi, ndiye mwenye hazina ya vitendawili. Tega cha kwanza. Kijana uliyeajiriwa juzi na bado unaogopa kuwasha maiki, itika "Tega!" na wengine; kuitika hakuna makosa. Mkuu wa kitengo, tupe nusu saa wiki ijayo. Mhasibu, bando la siku hiyo liwe juu ya ofisi. Vitendawili tutakuja navyo wenyewe.