Msituache peke yetu leba usiku



Kuna kero ambayo sisi wauguzi wapya wa Karatu na Ngorongoro tunaizungumza wenyewe kwa wenyewe, lakini haiwafikii wanaotupangia kazi. Muuguzi anatoka chuoni, anaripoti kituoni, na kabla hajajua dawa za dharura zinakaa kabati gani, anapangwa zamu ya usiku peke yake.

Daktari akimaliza chuo hupewa mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi. Muuguzi wa shahada naye vilevile. Sisi wa cheti na stashahada, ambao ndio tuliojaa kwenye zahanati na vituo vya afya, tukishasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kupata leseni tunahesabiwa tumeiva. Ni kweli chuoni tulizalisha. Lakini mwalimu alikuwa amesimama pembeni, glavu ameshavaa. Kujua hatua za kumsaidia mama anayevuja damu ni jambo moja. Kuzifuata saa tisa usiku, taa ya sola inafifia na hakuna wa kumwambia "nishikie hapa", ni jambo jingine kabisa.

Kituo changu cha kwanza, ambacho sitakitaja, kilikuwa upande wa Ngorongoro, ndani ya eneo la hifadhi. Mimi ni mzaliwa wa Kyela na Kimaasai sikukijua hata salamu. Usiku mmoja aliletwa binti mwenye mimba ya kwanza, uchungu ukiwa umeshamchosha tangu nyumbani. Mkalimani pekee alikuwa mlinzi, naye ni mwanamume, hakuweza kuingia mahali mwanamke anapojifungua. Akasimama nje ya dirisha. Mimi nauliza kwa Kiswahili, yeye anapaza sauti kwa Kimaasai, bibi wa binti anajibu kutoka ndani, mlinzi ananirudishia jibu kupitia wavu wa mbu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba chupa ya maji ilikuwa imepasuka tangu jana yake.

Mtoto alizaliwa hakulia. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, nikamsafisha kinywa na pua, nikamwekea barakoa ya ambu na kuanza kumpa hewa huku nikihesabu kwa sauti. Kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka, na mama alikuwa amelala pale pale akinitazama. Kazi ile ilitaka watu wawili, mmoja kwa mtoto na mmoja kwa mama. Moyo wa mtoto ulipiga polepole, kisha ukasimama. Nilimfunga kwenye shuka, nikampa bibi yake, nikarudi kwa mama. Baadaye nikaosha vifaa, nikajaza rejesta, nikaenda wodi ya watoto ambako dripu ya mtoto mwingine ilikuwa imeshaisha.

Asubuhi wakati wa kukabidhi zamu niliulizwa habari ya patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, na idadi ya glavu zilizobaki. Kwetu mtu akijikwaa tu njiani hupewa pole. Asubuhi ile hakuna aliyenipa pole, na jioni nilitakiwa kurudi zamu ile ile.

Kikafuata kikao cha kujadili kifo kile. Vikao hivi ni vizuri na ninaviunga mkono. Mwongozo wake unataka itafutwe sababu ili kifo kama hicho kisijirudie, asitafutwe mchawi. Lakini swali la kwanza lilikuwa "nani alikuwa zamu?", na baada ya hapo majadiliano yalinihusu mimi. Hakuna aliyeuliza kwa nini zamu nzima ilikuwa na mtu mmoja, tena mgeni, kwa leba na wodi mbili.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, nikisikia pikipiki inapanda kilima usiku, moyo ulinienda mbio. Niliambiwa ndivyo kazi ilivyo, utazoea. Nimeona jinsi watu wanavyozoea. Wananchi wanalalamikia lugha mbaya ya manesi, na malalamiko hayo ni ya kweli, siyatetei. Ila nimemwona mwenzangu, msichana mpole niliyesoma naye, akijifunza kuwa mkali kidogo kidogo, kwa sababu ukali ulimpunguzia maumivu. Anayemkaripia mjamzito leo huenda alizika watoto wachanga wengi mwaka wake wa kwanza bila mtu wa kukaa naye hata dakika kumi.

Wauguzi wanaojitolea bila ajira hali yao ni mbaya zaidi. Wanaingia zamu zile zile, wanabeba lawama zile zile, na mwisho wa mwezi wanapata posho ya nauli, wakikipata hata hicho kidogo.

Wapo wanaotulea. Ninapofanya kazi sasa, Karatu, yupo mama mmoja mkunga wa siku nyingi ambaye mgonjwa akifa mikononi mwa muuguzi mpya humtoa wodini, humketisha jikoni na kikombe cha chai, na yeye mwenyewe hushika zamu mpaka muuguzi huyo atulie. Anafanya hivyo kwa moyo wake. Hakuna waraka unaomtaka afanye, na akistaafu desturi hiyo inaondoka naye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ya sehemu ya tatizo hili, ile ya ujuzi wa chuoni kutofika leba, imepatikana jirani kabisa. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mwaka 2010 watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Kwenye mdoli walifanya vizuri, lakini leba mambo yakabaki vile vile. Mwaka uliofuata wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, hapo hapo kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kwa takriban asilimia 40. Mpango uliokuja kukua kutokana na kazi hiyo ukapelekwa kwenye vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vimepungua kwa takriban asilimia 75. Mkoa wetu wa Arusha haukuwamo katika mikoa hiyo 5, ingawa kutoka Karatu hadi Mbulu ni kuvuka mpaka wa mkoa tu.

Viongozi husema kwa fahari kwamba vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Wana haki ya kujivunia. Namba hiyo imeshushwa pia na mikono ya wauguzi walio peke yao usiku, na mikono hiyo inachoka.

Najua wauguzi hawatoshi, na kuna zahanati zenye wawili tu. Basi TAMISEMI na halmashauri zetu mbili wampeleke kila mwajiriwa mpya kwanza hospitalini, miezi mitatu, chini ya mkunga mzoefu aliyetajwa kwa jina kwenye barua ya kumpangia kazi, ndipo aende vituo vya Ngorongoro kama Kakesio au Nainokanoka. Kila kituo cha upande wa Ngorongoro kiwe na mwanamke anayejua Kimaasai na Kiswahili, alipwe kwa zamu, aingie leba na muuguzi. Na baada ya kifo, muuguzi aliyekuwepo apumzishwe zamu inayofuata, kisha afisa ustawi wa jamii azungumze naye kabla ya kikao. Hilo la kumpumzisha halingoji bajeti. Waganga wafawidhi wanaweza kuliingiza kwenye ratiba ya zamu ya mwezi ujao.

Muuguzi, Karatu
(Jina limehifadhiwa)