Soma jina kabla nyama haijafungwa

Spageti na nyama ya kusaga ni chakula cha Ijumaa jioni kwa wengi wetu. Watoto wanaipenda, haichukui muda, na nusu kilo ya nyama na pakiti moja ya spageti zinashibisha watu watano. Lakini kabla sufuria haijawekwa motoni, kuna mahali tunapoona wateja wakipoteza pesa: pale bucha, saa kumi na mbili na nusu, foleni imefika mlangoni na kila mtu ana haraka.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini yalimpata. Alichagua kipande chake kwanza ndio kikasagwa (na wewe fanya hivyo, achana na ile iliyosagwa tangu asubuhi). Nambari ya till ukutani ilikuwa imefutika nusu, akamwuliza aliyekuwa nyuma yake. Akaandika, jina likatokea, hakulisoma, akaweka PIN. Shilingi 350 zikaenda kwa duka asilolijua kabisa. Muuza nyama akaangalia simu yake, hakuna ujumbe. Alikataa kuachilia mfuko, na sisi hatumlaumu. Kwa pesa alizobaki nazo, mwenzetu alipata robo kilo.

Kuna wateja wanatuambia ile hatua ya kuonyesha jina inawachelewesha, tuiondoe. Sisi tunakataa. Tunachokubali ni kwamba jina la till mara nyingi si lile la kwenye kibao: kibao kinasema bucha, simu inaonyesha jina la mwenye biashara. Basi uliza mapema, "Itatokea jina gani?" Nanyi wenye maduka, andikeni jina hilo kando ya nambari. Rangi si ghali.

Ukikosea, piga simu kwa huduma kwa wateja ukiwa hapo hapo dukani. Aliyezipokea akishazitumia, kuzirudisha huwa kazi. Na mtu akikupigia akisema anataka kukurudishia pesa ila umpe PIN, kata simu. Hatuombi PIN ya mteja, hata siku moja.

Ile robo kilo nayo? Alikaanga vitunguu viwili hadi vikageuka rangi, akatia saumu, halafu nyama mpaka maji yake yakakauka ikaanza kushika sufuria. Hapa ndipo wengi huharibu, wanaweka nyanya mapema na nyama inachemka tu. Akaongeza karoti mbili za kukwaruza ili sosi ijae, hoho, nyanya nne, na dania mwisho. Spageti iliingia maji yakishatokota na chumvi, na kikombe kimoja cha maji hayo akakihifadhi kulegezea sosi.

Watoto walikula wakaomba nyongeza. Zile 350 zilirudi Jumapili. Mwenye duka lile hakuwa amezigusa.