Mtungi wa Ruzuku Sio Sera ya Nishati

Vijana wenzangu, tusidanganywe na picha za mitungi. Kiongozi anagawa, kamera zinawaka, kina mama wanapiga vigelegele. Gesi ikiisha, mtungi unasukumwa uvunguni na mama anarudi kwenye mkaa. Hapo tumesaidia nani?

Mimi sipingi nishati safi. Napinga pesa ya umma kutumika kijanja. Serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Sawa. Lakini ruzuku ya hadi asilimia 50 kupitia REA imewekwa kwenye mtungi wa kilo 6, kitu unachonunua mara moja. Kinachomshinda mama ntilie ni kujaza. Mkaa anaupata wa kopo, kwa hela ya leo. Gesi ya kopo anauza nani?

Na wasituambie hawajui kupanga matumizi ya kuamsha uchumi. Mwaka 2021 walikopa IMF trilioni 1.3 kukabili athari za UVIKO-19. Miradi ikaorodheshwa, muda ukawekwa, madarasa 15,000 yakajengwa, mafundi mtaani wakapata kazi. Kumbe wakitaka inawezekana! Lakini jiko la shule lilikuwa wapi? Darasa jipya linang'aa, nyuma yake mpishi analia na moshi wa kuni. Baadaye likaja katazo: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Amri ilikuja mbio, pesa inachechemea nyuma, na mzigo kabaki nao mwalimu mkuu.

Basi tudai hivi. Moja, ruzuku ihamie kwenye kujaza, na umeme wa kupikia ushuke bei, maana Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 limejengwa kwa kodi zetu. Mbili, shule ya umma isijengwe wala kukarabatiwa bila jiko safi ndani ya mkataba uleule. Tatu, kazi ya kufunga na kutengeneza majiko hayo wapewe vijana wa VETA wa wilaya husika, na bei ya kila zabuni ibandikwe kwenye ubao wa kata tuisome wote.

Ukikutana na diwani wako, usimuulize kagawa mitungi mingapi. Muulize mingapi imejazwa mara ya pili.